Kikohozi kimekwisha, mbona vidonge haviishi?

Mama mmoja wa Maseno ametuandikia juu ya mwanawe, kijana wa miaka 24 anayeendesha bodaboda katika barabara ya Kisumu kuelekea Busia. Mapema mwaka huu kijana huyo alipatikana na ugonjwa wa kifua kikuu, yaani TB. Akaanza vidonge. Kufikia juma la sita kikohozi kilikuwa kimekoma, jasho la usiku limekatika, na suruali zilizokuwa zikimpwaya zikaanza kumkaa tena. Mwezi wa tatu akaacha kwenda kuchukua dawa.

“Anasema amepona,” anaandika mama, “nami nikimtazama siwezi kumbishia, maana naona kwa macho yangu. Lakini muuguzi anashikilia kwamba ni miezi sita. Je, hiyo ni sheria ya hospitali tu, au kuna jambo ndani yake? Na je, wajukuu wangu wawili wanaolala chumba kimoja naye?”

Mama, kuna jambo ndani yake. Na kwa kuwa swali lako ni la watu wengi, hata wale wa mjini wenye kusoma sana, juma hili tumeamua kulijibu kwa urefu. Jibu lenyewe halianzii hospitalini. Linaanzia ndani ya bakteria, katika jinsi anavyoamua siku ya kuzaa na siku ya kulala.

Mdudu asiye na haraka

Bakteria wa kifua kikuu alitangazwa kwa ulimwengu na daktari Mjerumani, Robert Koch, mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882. (Koch huyo huyo alifika hata kwenye ziwa letu. Mwaka 1906, mwaka ule ule shule ya Maseno ilipoanzishwa, alikuwa katika visiwa vya Sese upande wa Uganda akichunguza malale.)

Bakteria hazai kwa mume na mke. Hukua, akanakili uzi wake wa DNA unaobeba maagizo yote ya maisha yake, kisha akajigawa katikati na kuwa wawili. Mzunguko huo wa kukua, kunakili na kugawanyika ndio maisha yake yote. Bakteria wa kawaida wa tumboni, yule aitwaye E. koli, akipata chakula na joto la kutosha huumaliza mzunguko huo kwa muda wa dakika 20 hivi. Bakteria wa kifua kikuu huchukua karibu saa 20, na mara nyingi zaidi. Aliye mmoja Jumatatu asubuhi ni wawili tu Jumanne. Ndiyo maana makohozi yakioteshwa katika maabara kwa njia ya zamani, majibu huweza kuchukua majuma sita hadi manane, wakati viini vingine huonekana siku ya pili.

Usifikiri kwamba polepole hiyo ni udhaifu. Bakteria huyu amejifunika ukuta mzito wenye mafuta kama nta, na kuujenga ukuta huo ni kazi kubwa. Tena anaishi mahali pa hatari, ndani ya zile seli za mwili zilizotumwa kumla. Akigawanyika wakati usiofaa, ukuta ukiwa haujakamilika, amekufa. Basi ni lazima ajue saa. Lakini atajuaje, naye hana ubongo, hana macho wala masikio?

Makanga wa bakteria

Anajua kwa kutumia protini za kupasha habari. Fikiria matatu itokayo Kisumu. Dereva hawezi kuona kila abiria aliyesimama kando ya barabara, na wala hana haja. Makanga ananing’inia mlangoni, kichwa nje na mkono ndani. Akiona abiria anapiga bati mara moja, dereva anasimama. Abiria wakiisha kupanda anapiga mara mbili, gari linaondoka. Dereva hakuambiwa neno hata moja, lakini amejua yote yanayotendeka nje.

Bakteria wa kifua kikuu ana makanga wake. Mmoja wao ni protini ambayo wataalamu wameipa jina la PknB. Imechomekwa katika utando wa bakteria, sehemu moja ikitokeza nje na nyingine ikibaki ndani. Ile sehemu ya nje hunasa vipande vya ukuta, vile vinavyopatikana mahali ambapo ujenzi unaendelea. Ikivinasa, sehemu ya ndani huanza kazi: huchukua chembe ndogo ya fosfati na kuibandika juu ya protini nyingine. Fosfati hiyo ndiyo pigo la bati. Protini iliyobandikwa hubadilika umbo, ikaamka au ikanyamaza. Mwaka 2016 watafiti walionyesha njia mojawapo: PknB huibandika fosfati protini iitwayo CwlM, nayo CwlM ikishabandikwa huchochea kimeng’enya kinachoanza hatua ya kwanza kabisa ya kutengeneza ukuta. Pasipo fosfati, ujenzi unapungua. Pasipo ujenzi, hakuna kukua, na pasipo kukua hakuna kugawanyika.

Makanga wa namna hii ni 11. Hesabu hiyo ilijulikana mwaka 1998, wanasayansi walipomaliza kusoma maagizo yote ya DNA ya bakteria huyu, jeni zipatazo 4,000. Wawili kati yao, PknA na PknB, wakiondolewa bakteria hawezi kuishi. Na ipo protini nyingine ambayo kazi yake ni kinyume, kuzing’oa fosfati zile, kwa maana ishara isiyoweza kufutwa haifai kitu. Hebu fikiria makanga apigaye bati siku kutwa bila kukoma!

Wataalamu waliyajifunza mambo haya kwanza kutoka kwa bakteria wasio na madhara. Yuko mmoja, Caulobacter, akaaye katika maziwa na mito ya maji yasiyo na chumvi. Kila akigawanyika, mtoto mmoja hubaki amejishikiza kwa kikonyo na mwingine huenda zake akiogelea kwa mkia. Yule mwogeleaji haruhusiwi kuzaa mpaka atulie, aangushe mkia na kuota kikonyo. Anayemzuia ni protini, CtrA, inayokalia mahali pale pale ambapo kunakili DNA kungeanzia, na haiondoki mpaka ishara ije ya kuibomoa. Ni kama askari aliyekaa mlangoni akisema, bado. Bakteria wa kifua kikuu hana CtrA, ila anayo protini iitwayo MtrA ambayo nayo hushika sehemu ile ya kuanzia kunakili.

Saa ya kulala

Sasa tufike kwenye kiini cha swali la mama. Mtu akivuta hewa yenye viini vya kifua kikuu, seli za kinga huvizunguka katika mapafu na kuvijengea kama boma. Ndani ya boma hilo hewa ya oksijeni huwa haba. Seli za kinga humwaga gesi ya nitriki oksaidi ili kumwua bakteria. Bakteria wa kawaida angekufa. Huyu ana protini mbili, DosS na DosT, zinazotambua mambo hayo mawili hasa, kupungua kwa oksijeni na kuwapo kwa gesi hiyo. Zikitambua, huipitishia fosfati protini ya tatu, DosR, nayo huwasha jeni karibu 50 kwa pamoja. Bakteria huacha kugawanyika. Anapunguza kula, anapunguza kujenga, na kukaa kimya. Katika maabara, bakteria waliofungiwa ndani ya chupa mpaka oksijeni ikaisha polepole hawakufa. Walingoja. Walipopewa hewa tena, wakaanza kugawanyika.

Anaweza kungoja namna hiyo miaka mingi ndani ya mtu asiye mgonjwa hata kidogo. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba robo ya watu wote duniani wamekwisha kuambukizwa, na kati ya hao, 5 hadi 10 katika kila 100 ndio watakaougua wakati fulani wa maisha yao. Kinga ikishuka, boma linabomoka, naye anaamka. Hapa kwetu kando ya ziwa, ambako virusi vya UKIMWI vimeenea kuliko sehemu nyingine nyingi za Kenya, hatuna haja ya kuelezwa maana yake.

Na kuamka nako kuna ishara zake. Bakteria huyu hutengeneza protini tano za kuamshia, ambazo hukatakata ukuta mkuukuu ili ukuaji uanze upya. Lakini, na hili ndilo la kukumbuka, hawaamki wote siku moja. Hata walio macho hawalingani. Bakteria wa kifua kikuu akijigawa hazai mapacha sawasawa. Mmoja hurithi ncha iliyokuwa ikikua tangu zamani na kuendelea kukua upesi, mwenzake hana budi kujenga ncha mpya na kubaki nyuma. Kwa hiyo ndani ya kifua cha mgonjwa mmoja wamo wanaokimbia, wanaojikokota na waliolala fofofo, wote wazao wa bakteria mmoja.

Vidonge vinamwua nani?

Dawa za miezi miwili ya kwanza ni nne: isoniazidi, rifampisini, pirazinamidi na ethambutoli. Miezi minne inayofuata hubaki isoniazidi na rifampisini. Isoniazidi na ethambutoli huvuruga ujenzi wa ukuta. Isoniazidi huua kwa ukali mkubwa, lakini humwua ajengaye. Bakteria aliyelala hajengi kitu, na dawa humpita kama fundi aliyekuja kubomoa jengo ambalo halijaanzwa. Pirazinamidi husaidia kwa wale walio mahali penye asidi. Rifampisini huzuia kusomwa kwa maagizo ya DNA, hivyo huweza kumnasa hata yule anayeamka kwa muda mfupi tu.

Tazama basi lililompata kijana wetu. Waliokuwa wakimkohoza na kumkondesha ni wale walio macho, wengi, wenye kugawanyika. Hao waliuawa kwa wingi katika siku na majuma ya mwanzo. Kikohozi kikaisha kwa sababu wapigao kelele wameondoka. Waliobaki ni wachache mno hata huenda makohozi yakipimwa wasionekane, nao hawamsumbui kwa lolote. Miezi minne ya mwisho ni ya kuwavizia hao, kila atakayeinua kichwa akute dawa iko damuni. Mama hakosei aonapo mwanawe ana nafuu. Ila kinachoonekana kwa macho si ndicho kilichobaki.

Miezi sita ilitoka wapi?

Wengi hudhani hesabu hii ililetwa kutoka Geneva au London. Ilipimwa hapa Afrika Mashariki, juu ya miili ya wagonjwa wetu. Zamani matibabu yalichukua mwaka mmoja na nusu, na wengi waliyaacha njiani. Mwaka 1970 madaktari wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, wakishirikiana na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, walianza jaribio ambalo halikuwa limewahi kufanywa vizuri popote. Waliwagawa wagonjwa katika makundi kwa bahati nasibu. Wengine walipewa matibabu ya kawaida ya miezi 18, na makundi mengine manne yakapewa mchanganyiko mbalimbali kwa miezi sita tu. Matokeo yalianza kuchapishwa mwaka 1972.

Matokeo yenyewe ni jibu la barua hii. Miezi sita ilipokwisha, karibu wagonjwa wote wa makundi yote walikuwa hawana viini katika makohozi. Ungewatazama siku hiyo usingeweza kuwatofautisha, wote walikuwa “wamepona”. Madaktari hawakuridhika. Waliendelea kuwafuata miezi baada ya miezi. Katika kundi lililopata rifampisini waliorudiwa na ugonjwa walikuwa wachache sana. Katika yale yasiyopata rifampisini wala pirazinamidi, zaidi ya mmoja katika kila watano alirudiwa. Baadaye wakajaribu kupunguza tena, miezi minne badala ya sita. Waliorudiwa wakaongezeka. Hivyo miezi sita ikabaki, na dunia nzima ikaifuata.

Mimi huona ajabu kwamba jambo hili halisimuliwi katika shule zetu. Watoto hujifunza habari za Koch, na ni vyema, lakini hawaambiwi kwamba kipimo cha matibabu yanayotumika kutoka Lima hadi Manila kilipatikana kwa uvumilivu wa wagonjwa wa Afrika Mashariki, ambao majina yao hayajaandikwa popote.

Dawa moja ya enzi ile, thiasetazoni, ilipendwa kwa kuwa ni rahisi. Ilipofika zama za UKIMWI, utafiti uliofanywa Nairobi na kuchapishwa mwaka 1991 ulionyesha kwamba ilibabua vibaya ngozi za wagonjwa wenye virusi, wengine hata kufa, nayo ikaondolewa.

Huenda umesikia kwamba siku hizi yapo matibabu ya miezi minne. Ni kweli. Jaribio kubwa la nchi 13, Kenya na Uganda zikiwemo, lilitoa matokeo mwaka 2021 na kuonyesha kwamba rifapentini na moksifloksasini zikiunganishwa na dawa nyingine mbili zinaweza kumaliza kazi kwa miezi minne. Lakini hizo ni dawa tofauti. Kuacha vidonge vya miezi sita katika mwezi wa nne si matibabu ya miezi minne, na kuviacha mwezi wa tatu ni vibaya zaidi.

Hatari ya kuacha

Aliyelala akiamka na kukuta hakuna dawa, anaanza mzunguko wake. Kila anaponakili DNA huweza kukosea herufi mahali fulani. Mara nyingi kosa halimsaidii. Lakini siku moja kosa huangukia pale pale ambapo rifampisini hushika, na tangu siku hiyo rifampisini haimwezi yeye wala uzao wake. Mgonjwa akianza tena kumeza kidogo leo, kesho hana, anakuwa kama anayewachagua wakaidi na kuwaua watiifu. Mambo haya yalionekana tangu miaka ya 1940, streptomaisini ilipotolewa peke yake: wagonjwa walipata nafuu ya haraka, kisha wengi wakaharibikiwa na dawa isifanye kazi tena. Ndipo madaktari wakajua kwamba dawa hizi hazitolewi moja moja.

Kifua kikuu sugu kinatibika, na tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani limependekeza matibabu ya miezi sita kwa vidonge kwa wagonjwa wengi wa aina hiyo, badala ya mwaka na nusu au zaidi pamoja na sindano. Hata hivyo dawa zake ni kali zaidi kwa mwili. Na mgonjwa huyo akikohoa, anayeambukizwa hupata ugonjwa ambao tayari ni sugu.

Sasa mama afanye nini?

Mrudishe kliniki juma hili, pamoja na kadi yake. Asianze mwenyewe kumeza vidonge vilivyobaki kabatini. Watampima makohozi, na mahali penye mashine ya GeneXpert majibu huweza kupatikana kwa muda wa saa mbili hivi, yakionyesha kama viini vipo na kama vimekuwa sugu kwa rifampisini. Kutokana na hayo, na kwa kuhesabu siku alizokosa, wataamua kama ataendelea au ataanza upya. Dawa hazilipiwi katika hospitali za serikali. Kama bado hajapimwa virusi vya UKIMWI, apimwe siku hiyo hiyo.

Lakini muulize pia, kwa upole, kwa nini aliacha. Mara nyingi “nimepona” ni neno la kufunika lingine. Kijana wa bodaboda akikaa foleni mpaka saa sita, siku imepotea na mwenye pikipiki anangoja pesa zake. Wengine humeza vidonge bila chakula, wakasikia kichefuchefu, wakaona haya kusema hawana chakula. Aelezee kliniki, mara nyingi siku ya kuchukua dawa inaweza kubadilishwa. Na wewe mama unaweza kuandikishwa kuwa msimamizi wake, yule anayemwona akimeza kila siku. Pombe aiache kabisa kwa muda huu, maana dawa hizi na pombe hukutana katika ini. Kama ana mke anayetumia dawa hizo hizo za kifua kikuu pamoja na vidonge vya kupanga uzazi, mke amwambie muuguzi, kwa sababu rifampisini huvipunguza nguvu vidonge hivyo.

Wajukuu nao uwapeleke, hata kama wanacheza na kula vizuri. Chanjo ya BCG waliyopewa walipozaliwa huwakinga watoto wadogo na aina mbaya zaidi za ugonjwa, kama ule wa ubongo, lakini haizuii kila kitu. Walio chini ya miaka mitano ndio wa kwanza kuangaliwa. Wasipokuwa wagonjwa watapewa dawa ya kuzuia, na wakiwa wagonjwa zipo dawa za watoto zenye ladha ya matunda zinazoyeyuka katika maji, ambazo Kenya ilikuwa nchi ya kwanza kuzisambaza kote mwaka 2016. Hakuna tena haja ya kuvunjavunja vidonge vya watu wazima kwa kisu. Kwa sasa kijana alale peke yake ikiwezekana, na dirisha libaki wazi hata usiku wa mvua.

Akianza tena dawa, mkojo wake utageuka rangi ya machungwa au kuwa mwekundu. Wengi huogopa wakidhani ni damu, na wengine huacha dawa kwa hofu hiyo tu. Hiyo ni rifampisini inayotoka, nayo haina madhara. Na mama usiye na hakika kama kijana amemeza leo, hilo nalo laweza kukusaidia kujua.